Msanifu wa Njia: Graham Dawbarn, Kutoka Viwanja vya Ndege hadi Mlimani

Katika miaka ya 1920, ndege za abiria zilipoanza kufuata ratiba, wasanifu majengo wa Ulaya na Marekani walikabidhiwa kazi ambayo hawakuwa na mahali pa kuiiga. Nyumba ya ibada, kasri, soko na bandari vilikuwa na mifano ya karne nyingi, na hata stesheni ya reli ilikwisha kuwa na desturi zake, lakini jengo la kumpokea mtu anayeshuka kutoka angani lilikuwa jambo geni kabisa. Wengi walijibu swali hilo kwa sura, wakajenga maghala yenye nguzo za Kiyunani mbele, na wengine wakajenga majumba yaliyofanana na meli. Wachache waliona kwamba ugumu wa uwanja wa ndege haumo katika sura bali katika njia, yaani katika kuwapitisha watu wa aina mbalimbali mahali pamoja bila kukanyagana, na miongoni mwa wachache hao alikuwamo Mwingereza Graham Dawbarn, aliyezaliwa mwaka 1893 na kufariki mwaka 1976, ambaye jina la kampuni yake limeunganika na kilima cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho Watanzania wengi wanakifahamu kwa jina la Mlimani.

Dawbarn alisoma Cambridge, lakini hatua iliyoamua mkondo wa kazi yake ni ushirika wake na Sir Nigel Norman, mtu aliyependa kuruka kuliko kuchora. Norman na mwenzake Alan Muntz walikuwa wameanzisha kampuni ya Airwork mwaka 1928 na kufungua uwanja wa ndege wa Heston, magharibi mwa London, mwaka uliofuata, na huko Heston ndiko Waziri Mkuu Neville Chamberlain alikoshuka Septemba 1938 akipunga karatasi ya mapatano yake na Hitler mbele ya wapiga picha. Norman alijua mahitaji ya rubani, Dawbarn alijua mahitaji ya jengo, na katika miaka ya 1930 majina yao mawili yaliungana katika kampuni ya Norman na Dawbarn, ambayo ilikuja kuwa miongoni mwa kampuni za kwanza nchini Uingereza kuufanya usanifu wa viwanja vya ndege kuwa fani yake kuu.

Ili kuielewa kazi hiyo, msomaji wa leo hana budi kuusahau uwanja wa ndege anaoujua. Viwanja vingi vya wakati ule havikuwa na njia ya lami ya kurukia na kutua, bali vilikuwa mawanda ya nyasi ambako rubani aliangalia upepo unakotoka kisha akachagua mwenyewe upande wa kutua. Jengo liliwekwa pembezoni, na juu yake kukawa na chumba cha vioo cha waongozaji wa ndege. Abiria walikuwa wachache na wenye fedha, lakini watazamaji walikuwa wengi, kwa sababu kuruka kulikuwa bado ni tamasha, na kiingilio pamoja na chai waliyokunywa watazamaji hao vilikuwa sehemu ya mapato ya kiwanja. Jengo la klabu ya urukaji la Brooklands, ambalo Dawbarn alilichora na kukamilika mwaka 1932, linaonyesha hali hiyo waziwazi: ni jengo dogo jeupe la mistari iliyonyooka, lenye mnara mfupi wa kuongozea ndege na roshani za kukaa na kutazama, nalo lingalipo hadi leo na linalindwa na sheria ya kuhifadhi majengo ya kihistoria.

Kisiwa cha Jersey, kati ya Uingereza na Ufaransa, kiliwapa kazi kubwa zaidi. Kabla ya kuwa na kiwanja, ndege za huko zilitua ufukweni, juu ya mchanga, hivyo ratiba ilitungwa kwa kufuata maji kupwa na maji kujaa, jambo ambalo mvuvi yeyote wa Bagamoyo angelielewa papo hapo ingawa lingemshangaza kuliona likiitawala ndege. Mwaka 1937 kiwanja cha nchi kavu kilifunguliwa, na jengo la abiria lililochorwa na Dawbarn likaufanya usafiri wa kisiwa hicho uachane na bahari.

Kazi iliyokomaa kuliko zote za aina hiyo ni Elmdon, kiwanja cha mji wa Birmingham kilichofunguliwa Julai 1939, wiki chache kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kutoka katika kiini cha jengo yalitokeza mapaa mawili makubwa ya zege, kila moja upande wake, yakaenea kama mbawa juu ya eneo ambako ndege zilisimama. Wahandisi wana namna yao ya kuyaeleza mapaa ya aina hiyo: boriti inashikiliwa upande mmoja tu, ndani ya jengo, na upande wa pili unaning'inia bila nguzo, kwa nguvu ya nondo zilizozikwa katika zege. Nguzo zisingefaa pale, kwa kuwa bawa la ndege lingezigonga. Kwa mpango huo ndege iliweza kusogea hadi chini ya paa, abiria akashuka bila kulowa mvua, na wanaofika wakapita njia moja ilhali wanaoondoka wakipita nyingine. Wapo wanaolisifu jengo hilo kwa kuwa linafanana na ndege. Sifa hiyo ni ya haki kwa kiasi, lakini inapita kando ya jambo lenyewe, kwa sababu mbawa za Elmdon ziliwekwa kwanza kwa kazi na sura ikafuata.

Hata hivyo kazi hiyo hiyo ndiyo iliyolizeesha jengo mapema. Ndege za baada ya vita zilikuwa ndefu na pana kuliko zile zilizopimwa mwaka 1939, mapaa yakawa mafupi na ya chini mno kwao, abiria waliongezeka kuliko vyumba, na hatimaye mwaka 1984 Birmingham ilifungua jengo jipya upande wa pili wa kiwanja, huku lile la zamani likibaki kama kumbukumbu yenye ulinzi wa sheria. Hakuna aina ya jengo inayopitwa na wakati haraka kama hii. Dar es Salaam yenyewe ni ushahidi, kwani jengo la pili la abiria, lililochorwa na Mfaransa Paul Andreu na kuanza kazi mwaka 1984, lilionekana kubwa kupita kiasi katika siku zake, na mwaka 2019 ililazimu kufungua la tatu.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na mambo haya. Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianza safari za kutoka London hadi Mwanza, na mwaka 1932 njia ikafika Cape Town, ikipitia Moshi, Dodoma na Mbeya, ambako kiwanja kilikuwa uwanda uliofyekwa, pipa za mafuta na kibanda. Kuanzia mwaka 1937 ndege zinazotua majini zilipita Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na bandari ikawa ndiyo kiwanja. Katika ukanda wa Morogoro njia kuu ilikuwa reli, iliyofika mji huo mwaka 1907 chini ya Wajerumani, na Ngerengere, kwenye reli hiyo hiyo, ilikuwa stesheni ya mkonge kabla ya kujulikana nchini kwa uwanja wake wa ndege wa kijeshi. Uwanja wa jeshi hauna abiria wa kutenganishwa wala watazamaji wa kuuziwa chai, kwa hiyo hauhitaji Dawbarn. Anayetaka kuliona somo la Elmdon pale Ngerengere atazame stesheni ya reli mpya ya umeme, ambayo huduma yake kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza Juni 2024: msafiri hukaguliwa tiketi na mzigo, huketi katika ukumbi wa kusubiri, kisha huitwa kwenda jukwaani, ilhali katika stesheni ya zamani mchuuzi wa machungwa, msindikizaji na msafiri walikuwa wakichanganyikana hadi mlangoni mwa behewa. Treni sasa hupandwa kwa utaratibu wa ndege, na si kila mchuuzi anaushukuru utaratibu huo.

Vita vilisimamisha kazi za kiraia na kumwondoa Norman, aliyefariki katika ajali ya ndege Mei 1943 akiwa afisa wa ngazi ya juu wa jeshi la anga.  Dawbarn aliendelea na kazi chini ya majina yote mawili.

London aliyorudia ilikuwa imebomolewa na mabomu, na haja ya kwanza haikuwa viwanja bali makazi. Kampuni ilichora nyumba za ghorofa kwa ajili ya manispaa, hasa ile ya St Pancras, kaskazini mwa kitovu cha jiji. Fleti, yaani makao kamili ya familia moja yaliyo sehemu ya jengo lenye familia nyingi, huonekana kuwa kazi iliyo mbali na uwanja wa ndege, lakini kwa msanifu swali ni lile lile katika kipimo kidogo. Familia kumi na mbili zitatumia mlango mmoja. Mkaa, taka, maziwa, watoto, wagonjwa na majeneza vyote vitapita ngazi ile ile. Na kila familia inataka kuingia kwake bila kupita dirishani kwa jirani. Msanifu ana njia mbili kuu za kujibu. Ya kwanza ni ngazi inayohudumia milango miwili kwa kila ghorofa, ambayo inalinda faragha lakini ni ghali kwa sababu ngazi zinakuwa nyingi. Ya pili ni ujia mrefu wa nje unaopita mbele ya milango yote, ambao ni rahisi kujenga lakini unampa kila apitaye nafasi ya kuchungulia. Mkazi wa majengo ya zamani ya Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, anazijua njia zote mbili kwa uzoefu hata kama hajapata kusikia mjadala wake.

Katika mjadala huo mtu aliyekwenda mbali zaidi aliishi Tanganyika. Mjerumani Ernst May, aliyesimamia ujenzi wa makazi ya Frankfurt kuanzia mwaka 1925 hadi 1930, aliikimbia Ulaya ya akina Hitler, akafika Tanganyika mwaka 1934 na kulima karibu na Arusha kabla ya kuhamia Nairobi na kurudia usanifu. Huko alichora fleti za Delamere, na Moshi alikichorea Chama cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, jengo lake kubwa la mjini mwanzoni mwa miaka ya 1950. May aliamini kwamba nyumba ni chombo cha kumbadilisha mtu, hata Frankfurt ilifika kupanga hatua ambazo mama angepiga kati ya jiko na meza. Dawbarn hakuwa na imani kubwa kiasi hicho, na pengine ndiyo sababu vitabu vya historia vinampa May kurasa nyingi na kumpa yeye aya moja. Yeye aliridhika kuondoa msongamano.

Mwaka 1949 Dawbarn aliombwa na BBC kupanga jumba lake la kwanza kujengwa mahususi kwa ajili ya televisheni, katika kiwanja cha White City ambacho umbo lake lilikuwa na pembe zisizo sawa. Inasimuliwa kwamba, akiwa amekwama, alichukua bahasha, akachora mipaka ya kiwanja na kuandika ndani yake alama ya kuuliza, kisha akagundua kwamba alama yenyewe ndiyo jibu. Bahasha hiyo imehifadhiwa. Duara la alama likawa jengo la mviringo lenye bustani katikati, na mkia wake ukawa mahali pa kupanulia baadaye. Studio zilipangwa kulizunguka duara kwa nje. Mapambo ya jukwaani, yaani kuta za bandia, fanicha na miti ya karatasi inayobebwa kwa malori, yaliingia kutoka barabara ya nje inayozunguka studio zote, ilhali waigizaji na mafundi waliingia kutoka ujia wa ndani, na makundi hayo mawili hayakukutana ila ndani ya studio yenyewe. Ni Elmdon iliyokunjwa ikawa pete. Jumba lilifunguliwa Juni 1960. Wasikilizaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC wasidhani kwamba sauti walizozizoea zilitoka humo, kwani idhaa hiyo, iliyoanza mwaka 1957, kwa miaka mingi ilikuwa katika jumba la Bush House, katikati ya jiji. Jumba liliuzwa, BBC ikalihama mwaka 2013, na sehemu ya pete ile ikageuzwa kuwa fleti za watu wenye uwezo.

Baada ya vita kampuni ilifanya kazi pia katika nchi za joto, ikiwamo Jamaika, ambako ilipanga Chuo Kikuu Kishiriki cha West Indies huko Mona, katika shamba la zamani la miwa chini ya milima. Chuo hicho, kilichoanza mwaka 1948, kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake walipewa shahada za London. Mpango huo huo ndio uliotumika Dar es Salaam mwaka 1961, pale chuo kikuu kishiriki kilipofunguliwa Oktoba, miezi miwili kabla ya Uhuru, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wachache ambao wangeenea katika darasa moja. Ilipoamuliwa kujenga makao ya kudumu kwenye kilima kilicho umbali wa kilomita 13 hivi magharibi mwa jiji, kampuni ya Norman na Dawbarn ilipewa kazi. Dawbarn alikuwa na umri wa miaka 68 wakati huo, na ni haki kuzihesabu kazi za Mlimani kuwa za kampuni yenye jina lake zaidi ya kuwa za kalamu yake mwenyewe. Chuo kilihamia mlimani mwaka 1964.

Kuna mtu mmoja aliyezipima kampasi zote mbili kwa miguu yake, naye ni Walter Rodney wa Guyana, aliyehitimu Mona mwaka 1963, akafundisha Dar es Salaam kuanzia mwaka 1966, akarudi kufundisha Mona, akazuiwa kuingia Jamaika Oktoba 1968, na kurudi Mlimani, ambako alikaa hadi mwaka 1974. Vyuo hivyo vilipangwa kwa ajili ya kulea watumishi wa dola zilizotulia, na katika vyote viwili mwanahistoria huyo alifundisha somo la namna nyingine.

Anayepanda Mlimani leo ataona kwanza kwamba majengo ya awali hayashindani na kilima. Yanafuata mteremko, na kwa kawaida upande mrefu wa jengo hutazama kaskazini au kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige upande mfupi, na ili upepo wa baharini upenye kutoka dirisha la mbele hadi la nyuma. Mbele ya madirisha kuna vizuia jua vya zege, na mahali pengi ujia hauna ukuta bali uko wazi upande mmoja, hivyo mwanafunzi hutembea kivulini huku hewa ikipita. Mashine za kupooza hewa zilizoongezwa baadaye zimefunga baadhi ya nafasi hizo, na wanaofanya kazi humo hulijua kosa hilo siku umeme unapokatika. Ukumbi wa Nkrumah, wenye paa la zege lililokunjwa na kuinua pembe zake juu, ndio uliopata umaarufu kuliko majengo mengine, kwa kuwa sura yake ilichapishwa katika noti ya shilingi 500, na watu wengi ambao hawajafika chuoni walitembea nayo mfukoni kabla ya sarafu kuchukua nafasi ya noti hiyo. Ni jengo zuri. Lakini ubora wa Mlimani umo zaidi katika mtandao wa vijia, ngazi na vibaraza unaomwezesha mwanafunzi kutoka bwenini kwenda maktaba, mkahawani na darasani bila kukutana na magari mara nyingi, na kubuni mambo ya namna hiyo kulihitaji kampuni iliyokwisha kupanga njia za abiria, za wapangaji na za waigizaji.

  

Mpango wa kwanza wa Mlimani ulikuwa na upungufu wake, na mkubwa ulikuwa hesabu ya watu, upungufu ule ule ulioiangusha Elmdon. Mabweni ya ghorofa yaliyojengwa kwa ajili ya mamia yalikuja kubeba maelfu, vyumba vya wawili vikalaza wanne na wengine wasio rasmi, ambao lugha ya chuo inawaita waliobebwa. Aprili 2017 ulizinduliwa mkusanyiko wa majengo 20 ya hosteli yaliyosimamiwa na Wakala wa Majengo Tanzania, yenye nafasi kwa wanafunzi 3,840. Yalijengwa kwa haraka na kwa gharama ndogo, yanafanana yote, na yamepangwa kwa safu. Usiku wa joto unatosha kuzilinganisha safu hizo na mabweni ya zamani kilimani, na asubuhi, saa moja kasoro, mistari ya wanafunzi inayotoka hosteli kwenda madarasani inapita ambapo mpango wa kwanza haukuweka njia, ikikata nyasi na kuchimba vijia vyake yenyewe kupanda mteremko.